Lumumba, karani wa posta mwenye kushika kalamu

Huku Kasaji, hata watoto wanajua jina la Lumumba. Wanajua alikuwa Waziri wa Kwanza mwaka 1960, wanajua alikufa tarehe 17 Januari 1961 katika pori la hii Katanga yetu. Lakini ukiwauliza alikuwa anafanya kazi gani mbele ya politiki, hata wakubwa wananyamaza. Alikuwa karani. Na saa ya kutoka kazini, alikuwa mwandishi.

Alizaliwa 1925, Onalua, upande wa Sankuru. Masomo yake ya misheni hayakufika mbali. Angali kijana, alienda Kindu, akapata kazi ya karani kwa Symétain, kampani iliyochimba kasiterite kule Maniema. Kwa hiyo, ndugu wachimbaji, yeye pia alikula mshahara wa mine. Mwaka 1944 akafika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akaingia posta. Posta ikamtuma masomo Léopoldville, kisha akarudi.

Mchana alishughulika na barua na pesa za wengine. Mangaribi aliandika zake. Artikle zake alizituma kwa La Croix du Congo, gazeti la Wakatolika, na kwa La Voix du Congolais, ile iliyoongozwa na Antoine-Roger Bolamba. Hii ya pili ilitoka chini ya macho ya serikali ya Wabelgiji. Mweusi aliweza kuandika pale, lakini si yote yenye kuwa moyoni. Mtu alijifunza kusema polepole, na Lumumba alijifunza vizuri.

Kisha akawa mhariri. Makarani weusi wa posta katika Province Orientale walikuwa na chama chao, na chama kikawa na gazeti lake, L'Écho Postal, lililotoka kila miezi mitatu. Lumumba ndiye aliliongoza. Anayejua kazi ya gazeti dogo anajua taabu yake: kukimbiza wenzako walioahidi artikle, kusahihisha, kujaza nafasi tupu wewe mwenyewe. Na hakuna anayekulipa. Sisi tunaona ni pale, si kwenye mikutano, alipoanza kusema kwa jina la wafanyakazi wengine.

Mwezi wa saba 1956 akakamatwa. Katika pesa za posta zilikosekana zaidi ya franka 100,000. Hatutaficha jambo hili: alikubali kwamba alizichukua. Mshahara wa evolue ulikuwa mdogo, na maisha aliyodaiwa kuonyesha, nguo, nyumba, wageni, yalikuwa ya bei. Hiyo inaeleza; haifuti deni.

Lakini kule buloko akaandika kitabu kizima. Jina lake ni Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé ? Alitaka watu wa kazi moja walipwe sawa, bila kutazama rangi ya ngozi. Alitaka masomo na heshima. Uhuru wa haraka hakuuomba. Aliandika sawa mtu mwenye kuamini kwamba Mbelgiji na Mkongomani wataweza kujenga inchi pamoja. Akatuma maandishi Brussels.

Alipotoka 1957, akaenda Léopoldville kuuza bia. Mwisho wa 1958 alikuwa tayari kiongozi wa MNC na alikuwa amefika Accra. Mwaka 1959 chama kilikuwa na gazeti lake, Indépendance. Jina lenyewe linaonyesha safari ya miaka mitatu.

Kuna wanaotumia kile kitabu kwa kumpunguza: eti tazameni, hata yeye alikuwa mtu wa Wazungu. Tunakataa. Mtu anayeandika akiwa gerezani, bila kujua kesho yake, anaandika mpaka pale macho yake yamefika ile siku. Macho yake yalifika mbali kisha, na kwa haraka kupita ya wengi.

Kitabu kilitoka Brussels 1961. Mwenye kukiandika alikuwa amekwisha kuuawa.