Marconi: Tumsifu kwa Mlingoti, Tusimfichie Aibu

Ni ada yetu kumsifu marehemu na kuyafukia maovu yake pamoja naye kaburini. Ada hiyo ina heshima yake matangani, lakini haifai hata kidogo pale tunapowafundisha watoto wetu historia. Mfano mwafaka ni Guglielmo Marconi, mtu ambaye vitabu vya shule humtaja kwa sentensi moja tu kuwa ndiye aliyevumbua redio, kisha vikanyamaza. Sentensi hiyo inampa sifa ambazo si zake zote, inamnyima ile iliyo yake hasa, na inaficha jambo ambalo Mwafrika hana budi kulijua.

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili, 1874, katika mji wa Bologna, Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa tajiri mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alikuwa mzaliwa wa Ireland, wa ukoo uliosifika kwa utengenezaji wa wiski. Kijana huyo hakupata shahada yoyote ya chuo kikuu. Bahati yake ilikuwa ujirani na Profesa Augusto Righi, aliyemfungulia mlango wa maabara na maktaba ingawa hakuwa mwanafunzi rasmi.

Wakati huo, Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amekwisha kuthibitisha kuwa mawimbi ya umeme husafiri hewani bila waya. Hertz alifariki mwaka 1894, na katika kusoma habari zake Marconi akapata wazo la kuyatumia mawimbi hayo kupeleka ujumbe. Alianza majaribio darini mwa nyumba yao kule Pontecchio. Vifaa vyake karibu vyote vilikuwa vimebuniwa na wengine, na mawimbi yake hayakufika mbali.

Mambo yaligeuka mwaka 1895. Marconi alichukua ncha moja ya mtambo wake akaiunganisha na waya ulioinuliwa juu ya mlingoti wima, na ncha ya pili akaifukia ardhini. Kila alipouongeza mlingoti kimo, ndivyo ujumbe ulivyozidi kwenda mbali, hata ukavuka kilima na kupokewa umbali wa zaidi ya kilomita mbili. Hapa ndipo ilipo sifa yake halisi. Ardhi, ambayo wengine hawakuijali, yeye aliifanya kuwa nusu ya pili ya antena.

Kanuni hiyo ingali inatumika hata leo na watu wa redio ya ridhaa, wale wenye leseni ya kuzungumza hewani bila malipo kwa kupenda ufundi tu. Ukigawa 300 kwa masafa yaliyopimwa kwa megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Robo ya urefu huo, ukipunguza kidogo, ndicho kimo cha antena wima. Kwa hiyo anayetumia megahezi 7 atahitaji nguzo au waya wa mita 10 hivi. Antena hiyo haihitaji uwanja mpana, hurusha mawimbi pande zote sawasawa, tena huyapeleka chini chini kuelekea upeo wa macho, jambo linalofaa kwa safari za mbali.

Hata hivyo, asiyeijali ardhi atajilaumu. Udongo mkavu huumeza umeme mwingi ukawa joto bure. Ndiyo maana fundi hutandaza nyaya nyingi za shaba kutoka shinani mwa antena, zikiwa zimetawanyika kama njiti za gurudumu la baiskeli. Nguzo yenyewe haina budi kukazwa kwa kamba imara na kusimamishwa mbali na nyaya za stima, kwa kuwa ikiziangukia inaweza kuua.

Somo la kamba Marconi alilipata kwa hasara. Mwaka 1896 alikuwa amehamia Uingereza, akaomba hataza, na mwaka uliofuata akaunda kampuni. Alipokusudia kuivuka bahari ya Atlantiki, alijenga huko Poldhu, Cornwall, duara la milingoti 20 yenye kimo cha mita 60 hivi. Septemba 1901 dhoruba iliiangusha yote. Hakukata tamaa. Alisimamisha antena nyingine ndogo zaidi, akavuka bahari hadi Newfoundland, na tarehe 12 Desemba, 1901, akatumia tiara kuinua waya wa mita 150 hivi angani. Alitangaza kuwa amezisikia nukta tatu za herufi S kutoka umbali wa kilomita 3,500 hivi. Wapo waliotilia shaka, kwani ushahidi ulikuwa masikio yake na ya msaidizi wake tu. Mwaka 1902, akiwa safarini katika meli ya Philadelphia, alizinasa ishara za Poldhu kwenye utepe wa karatasi, na mabishano yakapungua.

Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Karl Ferdinand Braun. Mwaka 1912, Titanic ilipozama, watu zaidi ya 700 waliokolewa kwa sababu mitambo ya kampuni yake iliita msaada usiku ule. Hakuna awezaye kumnyang'anya fahari hiyo.

Lakini mizani ina sahani mbili. Wakati Marconi akijaribu kwao, Jagadish Chandra Bose kule India, Aleksandr Popov kule Urusi na Oliver Lodge kule Uingereza nao walikuwa wakiyachunguza mawimbi hayohayo. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sehemu muhimu za hataza yake moja kwa kuwa wengine walikuwa wamemtangulia.

Lililo zito zaidi ni siasa yake. Mwaka 1923 alijiunga na chama cha Kifashisti cha Mussolini, na mwaka 1930 akafanywa rais wa Akademia ya Kifalme ya Italia. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, na kuwamiminia majirani zetu hawa gesi ya sumu, Marconi aliutetea uvamizi huo hadharani. Mtu aliyewezesha mabaharia kuokolewa hakusikia kilio cha Waafrika waliovamiwa nchini mwao. Alifariki Roma tarehe 20 Julai, 1937, na vituo vya redio katika nchi nyingi vikanyamaza kwa dakika mbili kumwomboleza.

Je, tumtupe? La hasha. Mlingoti wake hauna kosa, na ujuzi hauna kabila. Walimu wa sayansi wawape vijana wetu shaba, nguzo na jembe, wasimamishe antena na kujionea wenyewe kwamba mtu asiye na shahada aliweza kuvuka bahari kwa subira na jicho kali. Na walimu wa historia wawaambie yaliyobaki, ili kijana ajue kuwa akili nyingi peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema.