Lefty Grove: mwana wa mchimba makaa aliyebakizwa miaka mitano katika ligi ndogo

Baada ya msimu wa 1924, mzee Connie Mack, kocha na mmoja wa wenye timu ya Philadelphia Athletics nchini Marekani, alikubali kulipa dola 100,600 kwa ajili ya kijana ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja katika ligi kuu ya besiboli. Kwa wakati ule hizo zilikuwa pesa nyingi mno. Kijana huyo aliitwa Robert Moses Grove. Watu walimwita Lefty kwa sababu alirusha mpira kwa mkono wa kushoto, na aliurusha kwa kasi ambayo wapigaji wachache waliweza kuifuata kwa macho.

Tatizo lake lilijulikana pia. Mara nyingi mpira haukwenda pale alipotaka. Swali lililomkabili Mack ni lile linalomkabili kila anayetafuta wachezaji vijana mpaka leo: je, anunue nguvu ambayo bado haijatulia, au aiache kwa wengine?

Mtoto wa shimoni

Grove alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka 1900 huko Lonaconing, mji mdogo wa makaa ya mawe katika milima ya jimbo la Maryland. Baba yake alikuwa mchimbaji, na ndugu zake wakubwa walishuka mashimoni vilevile. Grove aliacha shule akiwa bado mtoto. Alifanya kazi katika kiwanda cha hariri, kisha kiwanda cha vioo, na baadaye karakana ya reli. Aliwahi kushika nafasi ya ndugu yake mgodini kwa muda mfupi, na muda huo ulimtosha kuamua kwamba hatamaliza maisha yake chini ya ardhi.

Besiboli aliianza akiwa kijana mkubwa, katika timu za mitaani. Huo ni mchezo ambao mrushaji anasimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Mrushaji anapaswa kuupitisha katika eneo halali, lenye upana wa kibao kilicho chini karibu na mpigaji, na lenye urefu unaoanzia magotini na kuishia karibu na kifua. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Mrushaji naye akirusha mipira minne nje ya eneo hilo, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Kwa hiyo mrushaji mwenye kasi lakini asiye na shabaha anaweza kuwatia wapinzani hofu na wakati huohuo kuwapa ushindi.

Bei ya uzio

Mwaka 1920 Grove aliingia katika timu ya Martinsburg, jimboni West Virginia, iliyocheza katika moja ya ligi za chini kabisa. Hakukaa hata msimu mzima. Jack Dunn, mwenye timu ya Baltimore Orioles, alipata habari zake na kumnunua kwa pesa zinazotajwa kuwa kati ya dola 3,000 na 3,500. Inasimuliwa kwamba Martinsburg ilikubali haraka kwa sababu dhoruba ilikuwa imeharibu uwanja wake, na pesa hizo zilihitajika kulipia uzio.

Dunn alikuwa na jicho la kutambua vijana. Ndiye aliyemwajiri Babe Ruth kwa mara ya kwanza, kisha akamuuza mwaka 1914 wakati timu yake ilipobanwa na ukosefu wa pesa. Kwa Grove hali ilikuwa tofauti. Baltimore ilicheza International League, ligi ndogo ya ngazi ya juu, na ilichukua ubingwa miaka saba mfululizo, kuanzia 1919 hadi 1925. Watu walijaa uwanjani, na Dunn hakuwa na haraka ya kuuza mtu.

Tena sheria zilikuwa upande wake. Katika ligi ndogo nyingi, timu kubwa ziliweza kumchukua mchezaji kila mwaka kwa bei iliyopangwa, mwenye timu atake asitake. International League wakati huo ilikuwa imejitoa katika utaratibu huo. Mchezaji naye hakuwa na haki ya kwenda anakopenda, kwa sababu mkataba ulimfunga kwa timu yake. Hivyo aliyeamua lini Grove atapimwa na wapigaji wakubwa alikuwa Dunn peke yake.

Hesabu za Baltimore

Kwa misimu mitano Grove alishinda mechi 108 na kupoteza 36 akiwa na Baltimore. Mwaka 1921 alishinda 25. Mwaka 1923 alishinda 27 na kuwatoa wapigaji 330 kwa kukosa mara tatu, idadi ambayo ligi hiyo ilikuwa haijawahi kuiona. Mwaka 1924 alishinda 26 na kupoteza 6 tu.

Lakini hesabu za ligi ndogo zinaweza kudanganya. Kwanza, Baltimore ilikuwa na nguvu kuliko wapinzani wake wote, na mrushaji wa timu inayofunga alama nyingi hushinda hata siku ambazo hakurusha vizuri. Pili, wapigaji wa ngazi hiyo mara nyingi walikimbilia kupiga mipira iliyokuwa nje ya eneo halali. Mpigaji wa ligi kuu ana subira zaidi. Akiona mrushaji hana shabaha, anaacha gongo begani na kungoja apewe kituo bure.

Kulikuwa na suala la umri pia. Kufikia mwisho wa msimu wa 1924, Grove alikuwa na miaka 24. Kijana wa miaka 20 asiye na shabaha anasemekana kuwa bado anajifunza. Akiwa bado vile baada ya miaka mitano, watu huanza kuuliza kama atajifunza kweli.

Kwa upande mwingine, mambo mawili hayakuwa na shaka. Kasi yake haikutegemea nguvu ya wenzake wala udhaifu wa wapinzani, kwa sababu mpira wa kasi ni wa kasi popote. Na mkono wake ulikuwa umebeba kazi ya misimu mitano bila kuvunjika.

Mack aliamua kununua. Dola 600 zilizoongezwa juu ya 100,000 zilikuwa na maana yake. New York Yankees walikuwa wamelipa dola 100,000 kwa Boston ili kumpata Babe Ruth, na bei ya Grove ilipangwa ipite hiyo.

Mwaka ulioumiza

Msimu wa 1925 ulianza na wale waliokuwa na mashaka wakapata ushahidi wao. Grove alishinda mechi 10 na kupoteza 12. Aliwatoa wapigaji 116 kwa kukosa mara tatu, idadi kubwa kuliko ya mrushaji yeyote wa American League. Lakini aliwapa wapinzani vituo vya bure 131, na hapo pia hakuna aliyemzidi. Kwa wastani aliruhusu karibu alama tano kwa kila mechi nzima.

Katika hesabu hizo mbili ndimo alimoonekana Grove wote. Aliyetazama vituo vya bure aliona hasara ya dola 100,600. Aliyetazama wapigaji waliotolewa aliona kwamba hata wapigaji wa ligi kuu hawakuweza kuugusa mpira wake ulipopita mahali pake.

Mack, aliyekuwa na miaka zaidi ya 60 na aliyeanza besiboli akiwa mdakaji, hakumrudisha chini. Aliona kwamba Grove alifanya haraka mno, akirusha mpira mmoja baada ya mwingine bila kupumua, hasa alipokasirika. Akamtaka apunguze mwendo. Mdakaji Mickey Cochrane, aliyeingia ligi kuu mwaka uleule, alikuwa akikomaa pamoja naye.

Mabadiliko yalikuja polepole, na hesabu zinayaonyesha wazi. Vituo vya bure vilishuka kutoka 131 mwaka 1925 hadi 101 mwaka 1926, kisha 79 mwaka 1927, na 64 mwaka 1928. Kasi haikupungua. Kwa miaka saba mfululizo, kuanzia 1925 hadi 1931, hakuna mrushaji wa American League aliyewatoa wapigaji wengi kumzidi.

Mwaka 1926 unastahili kuangaliwa peke yake. Grove alishinda mechi 13 na kupoteza 13, na mtu aliyesoma matokeo hayo tu angesema ni mrushaji wa kawaida. Kumbe mwaka huohuo ndiye aliyeruhusu alama chache kuliko wote kwa wastani, 2.51 kwa mechi nzima. Alikuwa amekwisha kuwa mrushaji bora wa ligi yake kwa kipimo hicho kabla ushindi haujaanza kumfuata.

Kilele na hasira

Kuanzia 1927 Grove alishinda mechi 20 au zaidi kwa misimu saba mfululizo. Philadelphia ilichukua ubingwa wa dunia mwaka 1929 na tena 1930. Mwaka 1931 alishinda mechi 31 na kupoteza 4, akachaguliwa kuwa mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika American League.

Tabia yake haikulainika kwa kiasi hicho. Tarehe 23 mwezi wa nane 1931, akiwa ameshinda mechi 16 mfululizo na kufikia rekodi ya ligi, alipoteza 1-0 mbele ya St. Louis Browns, moja ya timu dhaifu. Alama hiyo moja iliingia kwa sababu mchezaji Jimmy Moore alikosea kuupima mpira uliokuwa hewani. Moore alikuwa ameshika nafasi ya Al Simmons, ambaye hakuwapo siku hiyo. Grove aliingia chumba cha kubadilishia nguo na kukiharibu, akipasua na kurarua kilichokuwa karibu. Hasira yake ilimlenga zaidi Simmons, na hakuisahau kwa miaka mingi.

Inafaa kukumbuka pia kwamba hakuna hata mmoja wa wapinzani wake hao wa ligi kuu aliyetoka katika ligi za Weusi. Ligi kuu iliwafungia mlango wachezaji Weusi mpaka mwaka 1947, miaka sita baada ya Grove kuacha kucheza. Warushaji kama Satchel Paige, waliokuwa na kasi ya kutisha vilevile, walicheza katika ligi za Weusi, na katika miaka hiyo hakuna mwenye timu ya ligi kuu aliyewawekea bei yoyote.

Mkono ulipochoka

Mzozo mkubwa wa uchumi ulipowapunguza watazamaji, Mack alianza kuwauza nyota wake ili alipe madeni. Mwezi wa kumi na mbili 1933, Grove na wenzake wawili walikwenda Boston Red Sox katika mapatano yaliyoiletea Philadelphia dola 125,000.

Safari hii mnunuzi alionekana kuwa amepata hasara kweli. Mwaka 1934 mkono wa Grove uliuma. Alishinda 8 na kupoteza 8, na wastani wake wa alama ukapanda hadi 6.50. Akiwa na miaka 34, ile kasi iliyomleta kutoka Lonaconing ilikuwa imeondoka na haikurudi tena kama zamani.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba Grove alikuwa na kitu zaidi ya mkono. Yule aliyelaumiwa kwa kukosa shabaha akawa mtu wa shabaha. Alitegemea mipira ya kupinda, akabadilisha mwendo, akawalazimisha wapigaji wakisie. Mwaka 1935 alishinda mechi 20. Akawa wa kwanza kwa wastani mdogo wa alama mwaka huo, na tena 1936, 1938 na 1939. Kwa jumla aliongoza katika hesabu hiyo mara tisa, tano akiwa Philadelphia na nne akiwa Boston.

Tarehe 25 mwezi wa saba 1941, akiwa na miaka 41, aliishinda Cleveland 10-6 katika uwanja wa Boston. Hakuwa tena mrushaji wa kuogopwa siku hiyo, lakini alibaki uwanjani mpaka mwisho. Ulikuwa ushindi wake wa 300, na hakushinda mwingine. Alistaafu mwaka huohuo akiwa ameshinda 300 na kupoteza 141.

Miaka isiyohesabiwa

Mwaka 1947 Grove aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli. Alifariki tarehe 22 mwezi wa tano 1975 huko Norwalk, jimboni Ohio, akiwa na miaka 75.

Mechi zile 108 za Baltimore hazimo katika 300 zake, kwa kuwa ligi ndogo huhesabiwa kando. Wapo wanaoona kwamba Dunn alimnyima miaka ambayo ingemweka juu ya karibu warushaji wote wa historia. Wengine wanakumbusha kwamba katika mwaka wake wa kwanza wa ligi kuu, baada ya miaka mitano ya kujifunza, bado shabaha ilimshinda, na kwamba angeletwa mapema zaidi huenda angerudishwa Lonaconing. Dunn, kwa upande wake, alinunua kwa bei ya uzio na kuuza kwa bei iliyopita ya Babe Ruth.

Kikombe alichopewa Grove mwaka 1931 hakikubaki katika miji mikubwa alikochezea. Kimewekwa katika maktaba ya Lonaconing, katika mji uleule wa makaa ambako alikataa kushuka shimoni.