Okot p'Bitek, Mtu wa Ngoma

Ukitaja jina la Okot p'Bitek wengi watakumbuka kitabu tu, tena kile ambacho kaka na dada zetu walikisoma katika fasihi ya Kiingereza ili wapite mtihani. Mimi nataka nikupe habari za mwimbaji. Jamaa huyu alikuwa mtu wa ngoma kabla hajawa mtu wa kalamu, na usipolijua hilo hutaelewa kwa nini Chama chetu cha Kiswahili kimegawanyika mapande mawili muhula huu mzima kwa sababu ya Wimbo wa Lawino.

Alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, miongoni mwa Waacholi. Baba yake alikuwa mwalimu na hodari wa kusimulia hadithi. Mama yake ndiye aliyekuwa mwimbaji, mtunzi wa nyimbo na kiongozi katika ukoo. Maji hufuata mkondo, na Okot alipofika King's College Budo, karibu na Kampala, alijulikana kwa kuimba, kupiga ngoma, kucheza na kukimbia riadha. Kumbe hata hayo hayakumtosha. Akiwa angali mwanafunzi alitunga opera, yaani mchezo unaoimbwa badala ya kusemwa, na akauongoza mwenyewe. Fikiria mwanafunzi wa hapa kwetu Mitaboni akimwendea mwalimu wa zamu na habari kama hiyo!

Alisomea ualimu Mbarara, kisha akafundisha karibu na kwao Gulu na kuongoza kwaya. Mwaka 1953 alitoa riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar, juu ya kijana anayehangaika kutafuta mahari. Soka nalo hakuliacha. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya Uganda, baadhi ya wachezaji wakicheza miguu mitupu. Mechi zilipokwisha wenzake walirudi nyumbani, yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, halafu elimu ya mila na jamii Oxford. Hapo ndipo ninapompendea zaidi. Mtu amefika Oxford, chuo ambacho wengine wakirudi kutoka huko hata salamu za kwao wamesahau, na yeye anaandika tasnifu juu ya nyimbo na masimulizi ya Waacholi na Walango! Yaani alivuka bahari ili akasome alichokuwa akiimba mama yake.

Wimbo wenyewe ulitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, ukachapishwa Nairobi. Ule wa Kiacholi, Wer pa Lawino, ulichapishwa mwaka 1969 ingawa ndio uliotungwa kwanza. Mwaka 1975 Mtanzania Paul Sozigwa akatupa Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili. Ni malalamiko ya mke ambaye mumewe, Ocol, amesoma hadi akaanza kumdharau: chakula chake, nywele zake, ngoma zake, hata miungu ya wazee wake. Ocol amempata Clementine, mwanamke wa poda na rangi ya mdomo. Lawino hanyamazi. Anamtukana huyo mwenzake kwa ufundi wa nyimbo za kijijini, anamsifu mumewe wa zamani, anaomboleza kama aliyefiwa. Okot mwenyewe alikiri mwanzoni mwa kitabu kwamba alipoutia Kiingereza, mapigo na vina viliumia.

Mwaka huo wa 1966 aliwekwa kuwa mkuu wa Jumba la Taifa la Maonyesho la Uganda, Mganda wa kwanza kushika kazi hiyo. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1959, na miaka ya mwanzo lilikuwa zaidi la michezo ya Wazungu. Okot aliingiza humo ngoma za Kiafrika. Lakini ulimi wake haukuwa na breki. Aliikosoa serikali ya Milton Obote, kazi ikaota mbawa, akakimbilia Kenya. Kisumu akaanzisha tamasha la sanaa mwaka 1968, halafu akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakurudi kwao hadi Idi Amin alipoondoka. Na si ajabu. Byron Kawadwa, aliyekuja kuongoza jumba lile lile la Kampala, aliuawa mwaka 1977 muda mfupi baada ya kutoka Lagos alikopeleka mchezo wake wa nyimbo, Oluimba lwa Wankoko. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kuimba jukwaani ni mchezo wa watoto.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wetu. Upande mmoja chamani unasema Wimbo wa Lawino ukaririwe kama ulivyoandikwa, maneno yasikike, basi. Wanasema tukitia ngoma watu watapiga makofi na kucheka, na kilio cha mama wa watu kitapotea katika vumbi la miguu. Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Hata hivyo mimi nipo upande wa ngoma. Lawino amefika kwetu kwa Kiswahili, lakini ngoma yake ilibaki Gulu. Katika kitabu anajivuna kwamba anajua kuicheza ngoma ya Orak. Sasa msichana asimame wima kama mlingoti, mikono nyuma, atuambie kwa maneno matupu kwamba anajua kucheza? Nani atamwamini? Duniani wamefanya hivyo na vitabu vikubwa. Kisa cha Romeo na Juliet cha Shakespeare kiligeuzwa West Side Story, kikaimbwa New York mwaka 1957. Riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862, Les Misérables, iliingia jukwaa la London kwa nyimbo mwaka 1985. Nao walikuwa wanaongeza muziki mahali ambapo haukuwepo. Sisi tungekuwa tunarudisha.

Shida ni kwamba Kiacholi hatukijui. Tunazo ngoma za Ukambani, mbeni na kilumi, na nyimbo za myali ambazo mtu akikosa kijijini huimbwa hadi atafute njia ya kupita usiku. Mimi naona matusi ya Lawino kwa Clementine ni myali kabisa. Mwenzangu mmoja akauliza kama hapo Lawino hatakuwa Mkamba. Labda atakuwa. Lakini katika shule nyingi za Kenya mtoto alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake, na Ocol angefurahi sana kukiona kibao hicho. Heri Lawino Mkamba kuliko Lawino bubu.

Ninachoogopa mimi ni kukata. Wimbo una sehemu 13, na muda wa jukwaani ni mfupi. Kila mtu anataka sehemu ya Clementine kwa kuwa inachekesha. Nimesema, na nasema tena hapa, kwamba sehemu ya vitabu, Lawino anapolia kwamba kusoma kumemwua mumewe, isiguswe, wala ile ya mwisho anapomsihi Ocol aombe radhi na baraka za wazee. Tukiziondoa hizo tutabaki na wake wenza wanaopigana mafumbo, na Okot hakutunga hivyo.

Alifariki Kampala mwaka 1982, amerudi Makerere kufundisha utunzi, akiwa na miaka 51 tu. Miongoni mwa alivyotuachia ni Horn of My Love, mkusanyo wa nyimbo za Waacholi wa mwaka 1974, wenye nyimbo za mapenzi, za vita na za matanga.

Mwalimu mlezi wa chama ameturuhusu tujaribu. Clementine ataimbiwa kwa myali, Orak itachezwa kwa mapigo ya mbeni hadi tupate wa kutufundisha yenyewe, na sehemu ya mwisho Lawino ataimba peke yake, ngoma zote kimya. Mazoezi ni Jumatano na Ijumaa baada ya masomo. Sauti ya nne bado ni watu wawili tu.