Seyyid Said, Mtawala wa Kaskazi na Kusi

Utotoni mwangu, tukitoka chuoni alasiri, tulikuwa tukishuka Bandari ya Kale hapa Mombasa kutazama majahazi ya Arabuni. Kaskazi ndiyo iliyoyaleta, na kusi ndiyo iliyoyarudisha. Sikujua wakati ule kwamba pepo hizo mbili ndizo zilizomwezesha Seyyid Said bin Sultan kutawala nchi mbili zilizotengana kwa zaidi ya maili 2,000.

Alizaliwa Oman mwaka wa 1791, akashika utawala wa Maskati angali kijana, mwaka wa 1806. Nchi aliyorithi ilikuwa kavu: mbele bahari, nyuma milima na jangwa. Mtawala wa nchi kama ile hana budi kutafuta riziki na marafiki ng'ambo. Naye akaelekeza macho kwetu.

Unguja ilimfaa mno. Ilikuwa na bandari njema, maji matamu, udongo unaokubali karafuu, na watu wa dini yake. Kufikia mwaka wa 1840 alikwisha kuhamishia makao yake huko. Ila tusifiche: mashamba yale yalilimwa na watumwa.

Kisiwa hicho kikamletea wageni. Wamarekani walitaka pembe za ndovu, akafanya mkataba nao mwaka wa 1833. Waingereza wakafuata 1839, na Wafaransa 1844. Mwaka wa 1840 merikebu yake, Sultana, ilitia nanga New York, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Naaman. Hata leo iko nguo ya pamba tuiitayo merikani, ukumbusho wa biashara ile.

Kwetu Mvita hakupokewa kwa vigelegele. Mazrui nao asili yao ni Oman, lakini walikuwa na ngome na bandari yao, na malenga Muyaka bin Haji aliwatungia mashairi. Mwaka wa 1824 waliingia chini ya himaya ya Waingereza ili kumzuia. Himaya ile ikadumu miaka 2 tu. Mwaka wa 1837 Seyyid Said akaitwaa Mombasa, akawakamata wakuu wao na kuwapeleka uhamishoni Bandar Abbas. Udugu wa asili haukufua dafu mbele ya tamaa ya bandari. Mimi mwana wa Mvita nausifu werevu wake, lakini hilo silisahau.

Bahari iliyompa ufalme ndiyo iliyomletea Waingereza, wenye kuilinda njia yao ya Bara Hindi. Kwa mikataba ya 1822 na 1845 walizidi kuibana biashara ya watumwa, na sauti yao ikazidi kusikika barazani mwake.

Alifariki mwezi wa Oktoba 1856, akiwa baharini, njiani kutoka Maskati kurudi Unguja. Wanawe wakagombana, na mwaka wa 1861 mwamuzi akawa Mwingereza: Majid akapewa Unguja, Thuwaini Oman. Ukanda wetu wa pwani ukakodishwa kwa Waingereza mwaka wa 1895, na mwaka wa 1963 ukaunganishwa na Kenya.

Mwenye kukaa bandarini hachagui nani atie nanga. Mola amrehemu yeye, na wale waliofia Bandar Abbas.