John Arlott

John Arlott (jina kamili: Leslie Thomas John Arlott, 25 Februari 1914 – 14 Desemba 1991) alikuwa mtangazaji wa redio, mwandishi na mshairi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kutangaza mechi za kriketi kupitia BBC kila majira ya joto kuanzia mwaka 1946 hadi 1980. Anakumbukwa pia kwa msimamo wake dhidi ya ubaguzi wa rangi nchini Afrika Kusini.

Maisha ya awali

Arlott alizaliwa Basingstoke, mji wa jimbo la Hampshire kusini mwa Uingereza, katika nyumba ya msimamizi wa makaburi. Msimamizi huyo alikuwa babu yake. Hakumaliza masomo vizuri kwa sababu ya kutoelewana na mwalimu mkuu, naye hakwenda chuo kikuu. Alifanya kazi ya ukarani katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha mwaka 1934 akajiunga na jeshi la polisi mjini Southampton, ambako alifikia cheo cha sajenti.

Akiwa askari alijisomea na kutunga mashairi usiku baada ya zamu. Diwani yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1944. Mashairi hayo yalimfungulia mlango wa redio, na mwaka 1945 aliacha upolisi akaajiriwa na BBC kama mtayarishaji wa vipindi vya fasihi katika idhaa iliyotangaza kwa nchi za Asia. George Orwell alikuwa amefanya kazi katika idhaa hiyohiyo hadi mwaka 1943. Hapo Arlott alishirikiana na washairi wengi, akiwemo rafiki yake Dylan Thomas.

Kazi ya utangazaji

Mwaka 1946 timu ya India ilizuru Uingereza. Kwa kuwa Arlott alipenda kriketi, aliombwa atangaze mechi za kwanza za ziara hiyo kwa ajili ya wasikilizaji walioko India. Matangazo hayo yalipendwa, akaagizwa aifuate timu hadi mwisho wa ziara.

Wakati huo watangazaji wengi wa BBC walikuwa na lafudhi ya watu waliosoma shule za matajiri. Arlott alizungumza taratibu, kwa sauti nzito na lafudhi ya Hampshire. Mkuu wake katika matangazo ya nje alimweleza wazi kwamba sauti yake haikuwa ya kiungwana, ila akili yake ilivutia. Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kumtambulisha.

Mechi ya kimataifa ya kriketi, iitwayo Test, huchukua siku nyingi, nyingi zake siku tano, na mara nyingi hupita dakika kadhaa bila tukio kubwa. Mtangazaji wa redio hulazimika kujaza nafasi hiyo bila kumchosha msikilizaji. Arlott alieleza mwendo wa mrusha mpira, mavazi, mawingu, ndege waliotua uwanjani na watu waliokaa majukwaani, hata msikilizaji akaona uwanja mzima.

Tarehe 14 Agosti 1948 alikuwa hewani kwenye uwanja wa The Oval, London, wakati Donald Bradman wa Australia alipoingia kupiga kwa mara ya mwisho katika mechi za Test. Bradman alihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake ufikie 100. Alitolewa na Eric Hollies kwa mpira wa pili bila kupata mkimbio wowote, na wastani wake ukabaki 99.94. Badala ya kupiga kelele, Arlott alijiuliza hewani kama mtu anaweza kuuona mpira sawasawa baada ya kushangiliwa namna ile.

Mwaka 1957 BBC ilianzisha kipindi cha Test Match Special, ambacho kilitangaza kila mpira wa mechi za Test. Arlott alikuwa mmoja wa sauti zake kuu hadi alipostaafu. Kuanzia mwaka 1968 alikuwa pia mwandishi wa kriketi wa gazeti la The Guardian, ambalo aliliandikia vilevile kuhusu mvinyo.

Upinzani dhidi ya ubaguzi wa rangi

Katika msimu wa 1948–49 Arlott alisafiri na timu ya Uingereza kwenda Afrika Kusini, miezi michache baada ya chama cha National kushika madaraka. Alitembelea makazi ya Waafrika na kushuhudia jinsi walivyonyanyaswa. Alipotakiwa kujaza rangi yake katika fomu ya uhamiaji, aliandika kwamba yeye ni binadamu. Hakurudi tena nchini humo. Mwaka 1950 aliifananisha serikali hiyo na ya Wanazi katika kipindi cha redio. Ubalozi wa Afrika Kusini ulilalamika, na Arlott akasimamishwa kushiriki kipindi hicho kwa muda.

Aligombea ubunge mara mbili kwa tiketi ya chama cha Liberal huko Epping, mwaka 1955 na 1959, bila kushinda.

Basil D'Oliveira

Basil D'Oliveira alikuwa mchezaji wa Cape Town ambaye sheria za nchi yake zilimzuia kuchezea timu ya taifa kwa sababu hakuwa mzungu. Mwaka 1958 aliongoza timu ya wachezaji wasio wazungu iliyozuru Kenya na Afrika Mashariki. Alikuwa akisikiliza matangazo ya Arlott, na alimwandikia barua kuomba msaada wa kupata timu Uingereza, ingawa hawakuwahi kuonana.

Arlott alimtafutia nafasi kupitia marafiki zake waandishi. Mwaka 1960 klabu ya Middleton, karibu na Manchester, ilimpa D'Oliveira mkataba wa pauni 450 kwa msimu mmoja. Miaka sita baadaye alianza kuichezea Uingereza.

Mwaka 1968 D'Oliveira alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia, lakini hakuteuliwa katika timu ya kwenda Afrika Kusini. Arlott alilaani uamuzi huo gazetini. D'Oliveira alipoongezwa baada ya mchezaji mwingine kujitoa, waziri mkuu John Vorster aliikataa timu hiyo, na ziara ikafutwa.

Afrika Kusini ilipangiwa kuzuru Uingereza mwaka 1970. Arlott alitangaza mapema kwamba hangeshiriki kutangaza mechi hizo, ingawa kutangaza ndiko kulikompa riziki. BBC ilikubali uamuzi wake. Mwezi Mei ziara hiyo ilifutwa kwa ombi la serikali ya Uingereza.

Maisha binafsi

Arlott alioa mara tatu. Mtoto wake mkubwa, James, alifariki katika ajali ya gari. Tangu hapo Arlott alivaa tai nyeusi kwa kumbukumbu yake. Mke wake wa pili, Valerie, alifariki mwaka 1976.

Kustaafu na kifo

Arlott alitangaza mechi yake ya mwisho ya Test kwenye uwanja wa Lord's, London, tarehe 2 Septemba 1980, Uingereza ikicheza na Australia. Hakuaga. Zamu yake ilipoisha alitaja matokeo na kumkaribisha mwenzake, kama siku zote. Habari ilipotangazwa kwa vipaza sauti uwanjani, watazamaji walisimama kumpigia makofi. Wachezaji wa Australia walifanya vivyo hivyo, na Geoffrey Boycott, aliyekuwa akipiga, alivua glavu ili naye apige makofi.

Mwaka 1981 alihamia kisiwa cha Alderney, ambako alifariki tarehe 14 Desemba 1991. Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, Afrika Kusini ilikuwa imerudi katika kriketi ya kimataifa kwa kucheza na India mjini Calcutta.