Annie Oakley: Kutoka gobore la baba hadi bunduki ya kipimo chake

Annie Oakley, mlenga shabaha maarufu wa Marekani, alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la Ohio, kwa wakulima maskini. Baba yake alifariki Annie akiwa bado mtoto mdogo. Bunduki yake ya kwanza hakuichagua: lilikuwa gobore kuukuu la marehemu baba yake.

Gobore hujazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, upya kila baada ya mlio mmoja. Ukikosa, mnyama ameshakwenda. Annie akajifunza kutokosa. Aliwinda kware na sungura, akauza nyama, na kabla ya kufika miaka 20 alikuwa amelipa deni la nyumba ya mama yake.

Baadaye alimshinda mpiga shabaha Frank Butler katika shindano. Butler hakununa, alimwoa. Mwaka 1885 wakajiunga na maonyesho ya Buffalo Bill.

Walipofika London mwaka 1887, Annie tayari alikuwa na jina. Hata hivyo fundi bunduki Charles Lancaster aliona tatizo: silaha zake zilikuwa nzito, na kitako hakikumkaa begani. Annie alikuwa mfupi, sentimita 152 hivi. Lancaster akamtengenezea bunduki nyepesi, zilizopimwa kwa mwili wake, na ulengaji wake ukawa bora zaidi.

Uzeeni alifundisha wanawake wengi kulenga shabaha, huko Pinehurst, North Carolina. Alifariki Novemba 1926. Butler alimfuata siku 18 baadaye.