Allidina Visram na machale ya biashara

Sisi tunaovuka mipaka na mizigo yetu tunajua maana ya machale. Yakikucheza, unaacha bidhaa inayogombaniwa na kila mtu, au unanunua ile iliyodharauliwa. Katika ukanda wetu huu, kwangu mimi bingwa wa machale ni Allidina Visram, aliyezaliwa Kutch, India, mwaka 1851.

Alifika Bagamoyo akiwa kijana wa miaka 12 hivi, akafanya kazi kwa tajiri Sewa Haji Paroo, mwandaaji wa misafara ya bara. Nguo na shanga zilipanda, pembe za ndovu zikashuka. Nadhani machale yake yalizaliwa hapo, katika miaka mingi ya kupima pembe na kusikiliza habari za wapagazi waliotoka Tabora na Ujiji.

Mwaka 1896 Waingereza wakaanza kutandaza reli kutoka Mombasa. Huko kwao London wapinzani waliiita reli ya wendawazimu. Allidina aliona vingine. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na wote walihitaji kula. Tena, reli ikifika ziwani, misafara ya miguu iliyomtajirisha ingekufa. Hakuing'ang'ania. Akafungua maduka kuifuata reli, na Kampala alikuwa na duka hata kabla treni haijafika Kisumu mwaka 1901.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni watu wake. Aliwachukua vijana kutoka India, akawapa mali kauli, akawaweka mahali ambapo asingeweza kuwachungulia kila siku. Simu ya mkononi haikuwapo! Mimi nikimwachia mtu magunia mawili tu ng'ambo ya mpaka, usingizi hauji. Yeye matawi yalizidi 30, na pamba iliposhamiri Uganda akaingia pia kwenye viwanda vya kuichambua.

Alifariki mwaka 1916, akamwachia mali mwanawe Abdulrasul. Maduka yalirithiwa, ila lile jicho la kumpima mtu na njia sidhani kama lilirithika. Mwana naye hakuishi sana, na katika miaka ya 1920 biashara yote ikasambaratika. Jina limebaki Mombasa, kwenye shule ya sekondari ambayo mwanawe aliijenga kwa kumbukumbu yake.